NDEGE WA MANJANO WA KINANGOP

Yafuatayo ni maneno ya mazungumzo juu ya ndege mmoja ambaye haonekani popote duniani ila katika nchi ya Kenya, na juu ya hatari iliyompata.



Watu wengi wa Kenya wawajua simba, ndovu na kifaru, nao wamesikia mara nyingi ya kwamba yafaa wanyama hao walindwe. Wote hao wapo katika nchi nyingine pia. Lakini yuko ndege mdogo wa nyanda za juu ambaye makao yake ni Kenya tu. Akitoweka hapa, ametoweka duniani kote, wala hakuna nchi nyingine ya kuombwa mbegu. Hata hivyo mkulima aweza kupita karibu na kiota chake kila siku asijue kwamba kipo.

Kwa jina la wataalamu ndege huyo huitwa Macronyx sharpei. Neno la kwanza latokana na Kiyunani, na maana yake ni ukucha mrefu. La pili ni ukumbusho wa Richard Bowdler Sharpe, aliyekuwa mtunzaji wa ndege katika jumba la makumbusho la Uingereza mjini London. Aliyemweleza kwanza katika elimu ya ndege ni Frederick Jackson, mwaka 1904, ambaye baadaye alikuwa Gavana wa Uganda. Katika mazungumzo haya na aitwe Kucha-ndefu.

Urefu wake wapata inchi 6 au 7. Mgongo wake ni wa rangi ya udongo wenye michirizi myeusi, hata akijiinamia majanini ni vigumu kumtambua. Akigeuka, ndipo huonekana kifua chake cha manjano ya kung'aa, nacho pia kina michirizi myeusi. Akiruka huonyesha manyoya meupe pembeni mwa mkia. Yuko ndugu yake aliye mkubwa kuliko yeye, mwenye koo la manjano lililozungukwa na ukanda mweusi kama mkufu. Ndugu huyo ni wa kawaida katika sehemu nyingi za Afrika, naye hukaa hata penye vichaka. Watu huwachanganya wawili hawa, kisha husema, "Ndege hao wako tele." Walio tele ni wale wenye mkufu. Kucha-ndefu ni haba, na kila mwaka makao yake hupungua.

Sasa yafaa kueleza maisha yake, kwa maana taabu yake yote yatokana na maisha hayo. Kucha-ndefu hukaa katika majani ya nyanda za juu, tangu kadiri ya futi 6,000 hata zaidi ya futi 10,000 juu ya bahari: Kinangop, Mau Narok, Uasin Gishu, na pande za Mlima Kenya. Hapendi miti wala vichaka. Hutembea chini kwa miguu, na kucha zake ndefu humsaidia kukanyaga juu ya majani. Chakula chake ni wadudu, hasa panzi na mbawakawa, naye huwatafuta mahali penye majani mafupi. Lakini majani mafupi peke yake hayamtoshi. Ahitaji pia yale mashungi ya majani magumu, yasimamayo hapa na pale malishoni, ambayo ng'ombe huyaacha bila kuyala. Chini ya shungi ndipo ajengapo kiota chake cha majani makavu; ndipo atagapo mayai 2 au 3, hasa wakati wa mvua; na ndipo ajifichapo akiona kipanga juu. Juu ya shungi ndipo husimama akipiga mluzi wake mwembamba.

Basi ndege huyu ahitaji vitu viwili mahali pamoja: majani mafupi ya kula na mashungi ya kukaa. Jambo jingine ni kwamba si msafiri. Akishtuliwa huruka hatua chache tu, kisha hutua tena. Mbayuwayu akikosa chakula hapa huvuka bahari. Kucha-ndefu akilimiwa shamba lake hana njia ya kwenda mbali.

Mahali pake palipo bora kuliko pote ni uwanda wa Kinangop, katika Kaunti ya Nyandarua, wenye ukubwa wa kadiri ya hektari 77,000. Ardhi ya huko ni ya udongo mzito ushikao maji, ndiyo sababu tangu kale majani yalishinda miti. Zamani Wamasai walilisha ng'ombe wao huko. Baadaye yakaja mashamba makubwa ya walowezi. Baada ya Uhuru wa mwaka 1963 mashamba mengi yaligawanywa, na wananchi wengi waliokuwa hawana ardhi wakapata mahali pa kukaa. Jambo hilo lilikuwa la haki, wala hakuna awezaye kulilaumu. Lakini shamba la baba hugawanywa tena kwa wana, na kipande kidogo hakiwezi kulisha watu kwa majani tu. Kwa hiyo plau imeingia. Palipokuwa malisho sasa pana viazi, kabeji na mahindi, na penye maji pamepandwa mikaratusi. Hata malisho yaliyosalia mara nyingi husafishwa kwa kung'oa mashungi.

Takriban uwanda wote wa Kinangop ni mali ya watu binafsi. Hakuna askari wa wanyama wa kumlinda ndege huyu, wala hakuna ua. Shirika la kimataifa la IUCN, liwekalo daftari ya viumbe vilivyo taabuni, limemwandika miongoni mwa viumbe vilivyo hatarini kutoweka. Lakini daftari haizuii plau. Awezaye kumlinda ni mwenye shamba, naye ana watoto wa kulipiwa karo, na gunia la viazi huuzwa sokoni. Majani huuzwa wapi?

Swali hilo ndilo kiini cha jambo lote, na wako wenyeji wa Kinangop waliojaribu kulijibu. Wameunda chama chao cha Marafiki wa Uwanda wa Kinangop. Pale Njabini wenyeji wamejifunza kusokota sufu ya kondoo na kufuma mazulia, ili kondoo, na malisho yake, vilete fedha nyumbani. Chama cha Nature Kenya nacho kimenunua vipande vya ardhi ili majani yabaki kama yalivyokuwa. Vipande hivyo ni vidogo, lakini ndani yake Kucha-ndefu hupata mahali pa kutagia.

Tena malisho hayana faida kwa ndege tu. Ng'ombe wa maziwa huyahitaji. Udongo uliofunikwa kwa majani haubebwi na mvua, na maji ya uwanda huo huingia mto Malewa, uendao katika ziwa la Naivasha. Kwa hiyo mwenye kulinda majani ya juu huwatendea wema hata watu wa bonde la chini wasiomjua.

Mkulima hatakiwi kuacha viazi. Linalotakiwa ni dogo zaidi. Akiwa na malisho, na aache mashungi yasimame. Akiwa na kipande chenye maji, kisichofaa sana kwa viazi, na akiache kiwe cha kondoo badala ya kukipanda mikaratusi. Akilisha, asilishe mpaka ardhi ikawa tupu. Na watoto wafundishwe kumtofautisha ndege mwenye michirizi na yule mwenye mkufu, ili wajue ni yupi aliye wao peke yao.

Wahenga walisema, "Haba na haba hujaza kibaba." Majani ya Kinangop yamepotea kwa njia hiyo hiyo, eka moja hapa na nusu eka pale, wala hakuna mtu mmoja aliyekusudia kumwangamiza ndege. Basi na yahifadhiwe vivyo hivyo, shungi kwa shungi, na kila mwenye shamba kwa kadiri awezavyo. Kucha-ndefu hana Kinangop ya pili.