Dozi Isiyomalizwa



Vijidudu vya kifua kikuu, hata vilivyomo katika pafu moja, havilingani. Miongoni mwa mamilioni, vichache hutokea na badiliko la kuvikinga na dawa fulani. Dawa hiyo ikitumika peke yake huua vilivyo dhaifu. Vilivyo sugu husalia na kuzaana.

Jaribio lililotangazwa Uingereza mwaka 1948 lilidhihirisha jambo hilo. Wagonjwa 55 walipewa streptomisini; wengine 52 walipumzishwa kitandani tu. Katika miezi sita walifariki 4 miongoni mwa wale wa kwanza, na 14 miongoni mwa wa pili. Baada ya miaka mitano, waliofariki walikuwa 32 na 35. Usugu ulikuwa umeifuta karibu faida yote. Ndiyo maana leo hutolewa dawa kadhaa pamoja, kwa kawaida kwa miezi sita: kijidudu kinachoponyoka dawa moja huuawa na nyingine.

Basi anayekatiza dawa kwa kukosa nauli ya kwenda zahanati asilaumiwe peke yake. Vijidudu vyake sugu vitamwambukiza jirani asiyewahi kumeza kidonge hata kimoja. Viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, mtambueni mgonjwa wenu, mchangieni nauli. Kumfikisha kwenye dozi ya mwisho ni haki yake, na ni kinga yetu sote.