Chujio la Dizeli Katika Gari la Zamani

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimetakiwa niseme jambo litakalowafaa vijana. Mimi ni mtumishi wa Serikali, na mezani kwangu hupita hati za matengenezo ya magari. Basi nimechagua kitu kidogo kinachogharimu sana kikisahauliwa: chujio la dizeli, au filta kama wasemavyo mafundi.

Sote tunayajua magari ya shamba, yale malori ya bodi za mbao yaliyokuwa yakiondokea Darajani kwenda Makunduchi na Nungwi, watu ndani, mihogo na matenga juu ya paa. Gari moja la namna hiyo hulisha nyumba ya mwenyewe, ya dereva na ya utingo. Pampu ya nozeli ikifa, nyumba tatu hukosa riziki.

Pampu hiyo haikubadilika sana tangu Bosch alipoanza kuitengeneza kwa wingi mwaka 1927. Ndani yake mna vyuma vinavyopishana kwa nafasi ya mikroni chache tu. Mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa mtu una kiasi cha 70. Chembe usiyoiona kwa macho hutosha kuvikwaruza. Na maji huleta kutu, wala hayalainishi vyuma kama dizeli.

Kwetu maji hayatafutwi. Tangi likilala nusu, hewa yetu ya bahari huacha matone ndani yake. Pipa lililosimamishwa nje wakati wa masika hukusanya maji juu ya kifuniko chake, na likipoa usiku huyanyonya ndani. Na kwa kuwa maji ni mazito kuliko dizeli, hutuama chini, pale pale bomba linapovutia.

Malori mengi ya zamani yana chujio moja tu. Mwenye kutaka kuliboresha gari lake asikimbilie kununua chujio laini kabisa akalitia baina ya tangi na ile pampu ndogo inayovuta mafuta. Pampu hiyo nguvu zake ni chache. Ukiibana, injini hukosa mafuta mlimani, na kila kiungo kilicholegea huingiza upepo.

Mpango ulio sawa ni wa hatua mbili. Kwanza, karibu na tangi na mbali na ekzosi, kitiwe kitenga maji chenye kikombe cha kuonekana ndani na koki chini, pamoja na chujio la mikroni 30 hivi. Pili, baada ya pampu ndogo na kabla ya pampu ya nozeli, litiwe chujio laini, la mikroni 10 au kama alivyoagiza mtengenezaji wa injini. Vyote viweze kupitisha mafuta yote ya injini, pamoja na yanayorudi tangini.

Lakini tangi lioshwe kwanza. Kutia chujio jipya kwenye tangi chafu ni kupiga deki huku paa linavuja. Mipira iwe ya dizeli, si ya kumwagilia bustani. Na chujio laini lisijazwe dizeli ya kopo, maana uchafu utaingia upande uliokwisha safishwa; lijazwe kwa pampu ya mkono, kisha litolewe upepo.

Baada ya hapo, kila asubuhi kabla ya kuwasha, koki ifunguliwe hadi itoke dizeli tupu. Maji hayo yakingwe kwa kopo. Kisiwa chetu ni cha jiwe la matumbawe. Ukimwagacho chini hushuka kwenye visima tunavyonywea.

Vijana, baadhi yenu mtashika spana, na wengine mtashika kalamu kama mimi. Neno langu la mwisho ni kwa wa kalamu. Maofisini, ombi la pampu hutiwa saini upesi kwa sababu gari limekwisha simama. Ombi la chujio hulala chini ya mafaili kwa sababu gari bado linakwenda. Siku hati hizo mbili zitakapofika mezani kwenu, nakusihini mwanze na ya chujio. Usipoziba ufa utajenga ukuta.