Nani Aliyeibadilisha Dunia, na Wewe Utaacha Nini?

(Mazungumzo na vijana na wazazi baada ya futari, Mweiga)

 

  

Najua mmeshiba, mnangoja Isha na Tarawehe, na baridi ya Aberdare imeshaanza kuteremka. Kwa hivyo sitawaweka sana. Nina swali moja tu: ni watu gani waliokuwa na athari kubwa zaidi katika historia, na ni kitu gani kilichoifanya athari yao idumu?

ORODHA YA WATU MIA

Mwaka 1978 Mmarekani mmoja, Michael H. Hart, alichapisha kitabu chenye orodha ya watu 100 ambao yeye aliwaona kuwa na athari kubwa kuliko wote duniani. Wengi wetu tumekisikia kitabu hicho kikitajwa kwenye mihadhara. Hart si Muislamu, lakini wa kwanza alimweka Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Wa pili ni Isaac Newton, na wa tatu ni Nabii Isa (A.S.). Sababu yake kwa ufupi ni kwamba hakuona mtu mwingine aliyefaulu kiasi hicho katika dini na pia katika mambo ya dunia.

Tukisikia hivyo tunapiga takbir. Sawa, kufurahi si vibaya. Lakini hebu tujiulize, utukufu wa Mtume wetu ulikuwa unangojea kitabu cha mwaka 1978? La, hasha. Allah alishamtukuza. Tena orodha ile haikupima wema wa mtu, ilipima athari tu. Hata Hitler yumo. Kwa hivyo mtu anaweza kuacha athari kubwa na ikawa ya kuvunja.

Mimi nilipoisoma orodha hiyo kule chuoni, aliyenishangaza ni wa saba. Ni Mchina aitwaye Ts'ai Lun. Hakuwa jemadari. Yeye alimwonyesha mfalme wake namna ya kutengeneza karatasi, mwaka 105. Wa nane ni Gutenberg, Mjerumani wa mashine ya kuchapisha vitabu katika karne ya 15. Hawa wawili wamewekwa juu ya wafalme wengi tunaowasoma shuleni. Kwa nini? Kwa sababu karatasi na chapa huipeleka elimu ya mtu mahali ambapo miguu yake haikufika, na huiacha hapo akiwa ameshakufa.

Na sisi, ndugu zangu, wahyi wa kwanza katika pango la Hira ulianza na neno gani? Soma. Baada ya vita vya Badr, imepokewa katika Sira kwamba mateka waliojua kuandika na hawakuwa na mali ya kujikomboa walipewa njia nyingine: fundisha watoto kumi wa Madina kuandika, kisha nenda zako. Tazama hesabu hiyo. Mateka mmoja anaondoka, watoto kumi wanabaki na kalamu. Mtume (S.A.W.) alipofariki mwaka 632 hakuacha dinari wala jumba la kifalme. Aliacha watu aliowafundisha, na wao wakafundisha wengine, mpaka ikafika hapa Mweiga.

HAPA KWETU NYERI

Msidhani watu wa historia wako mbali. Tukipanda matatu kwenda Nyeri mjini tunalikuta kaburi la Baden-Powell, Mwingereza aliyeanzisha Skauti mwaka 1907. Alifariki hapa Nyeri tarehe 8 Januari 1941. Yeye yuko chini ya udongo wetu, lakini watoto wa mataifa mengi bado wanafunga skafu shingoni kwa sababu yake.

Dedan Kimathi alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, na serikali ya kikoloni haikutaka hata kaburi lake lijulikane. Leo kuna chuo kikuu chenye jina lake papa hapa Nyeri.

Mama Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe, alianzisha harakati ya Green Belt mwaka 1977. Mwaka 2004 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika kupewa Tuzo ya Nobel ya Amani, na mwaka 2011 akafariki. Lakini yeye mwenyewe angepanda miti mingapi kwa mikono miwili? Aliwafundisha akina mama kuotesha miche. Leo hayupo, na miti inaendelea kukua.

Sisemi kwamba hawa ni kiigizo chetu katika kila jambo. Kiigizo chetu tunamjua. Nasema mmeona kinachofanana: kazi ya kila mmoja ilishikwa na mikono ya wengine.

KALAMU ILIYOFIKA NYUMBANI KWETU

Sasa niwaambie mtu aliyekuwa na athari kubwa ndani ya nyumba yetu.

Tafsiri ya kwanza ya Qurani kwa Kiswahili ilitoka mwaka 1923, na aliyeifanya ni Godfrey Dale, mmishenari wa Kianglikana. Hebu lifikirie hilo. Pwani yetu ilikuwa na Waislamu na wanazuoni kwa karne nyingi, na mtu wa kwanza kukichapisha Kitabu chetu kwa lugha yetu akawa padri.

Huko Mombasa alikuwepo Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1891. Aliona Waislamu wamelala, naye akashika kalamu. Mwaka 1932 alitoa gazeti la Al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu, akiwahimiza watu wasome dini na dunia, wavulana na wasichana pia. Gazeti lenyewe halikudumu sana. Baadaye akawa Kadhi Mkuu, akaanza kufasiri Qurani kwa Kiswahili, na mauti yakamkuta mwaka 1947 kabla hajamaliza. Mwanawe alikuwa na miaka 14 tu. Mtoto huyo ndiye Profesa Ali Mazrui, ambaye ulimwengu ulimsikiliza mpaka alipofariki mwaka 2014. Gazeti lilikufa, kazi haikufa.

Kisha akaja Sheikh Abdallah Saleh Farsy, mzaliwa wa Zanzibar wa mwaka 1912. Alikuwa mwalimu wa shule. Alifasiri Qurani kidogo kidogo, kwa miaka mingi, mpaka mwaka 1969 ikatoka yote kamili, Qurani Takatifu, ikachapishwa Nairobi. Wakati huo alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Alifariki Oman mwaka 1982.

Sasa njoo Mweiga. Nyanya yangu, cucu kama tunavyomwita hapa, alisilimu alipoolewa. Baba yake alichukuliwa wakati wa Emajensi na hakurudi. Alikua yatima, akichuma majani ya watu. Kusoma alijifunza ukubwani, katika madarasa ya ngumbaru. Kiarabu hakukijua zaidi ya zile sura fupi za kuswalia. Lakini kwenye kabati yake kulikuwa na kitabu kimoja kinene, jalada limefungwa kwa gundi ya karatasi: ile Qurani ya Sheikh Farsy.

Siku moja ya Ramadhani nilimkuta amevaa miwani, kidole kiko juu ya Surat Adh-Dhuha, pale Allah anapomkumbusha Mtume Wake kwamba alikuwa yatima, naye akampa makazi. Cucu alikuwa ameisoma sura hiyo kwa Kiarabu kwenye sala zake miaka na miaka. Siku hiyo aliielewa. Alinyanyua kichwa akaniuliza, "Kwani Mungu alikuwa ananijua?" Akalia. Nami nikalia.

Ndugu msomaji, hiyo ndiyo athari. Mwalimu wa Zanzibar amekaa na taa yake usiku anatafuta neno la Kiswahili litakalotosha, na miaka mingi baadaye mama wa Kikuyu huku kwenye baridi anajua kwamba Mola wake hakumsahau.

INSHALLAH YANGU

Lakini kitabu peke yake hakitoshi. Nani aliyemfundisha cucu hizo sura fupi, na mimi pia? Maalim wetu. Wengi mliopo mmesoma kwake, katika kile chumba cha mabati ambacho mvua ikinyesha hatusikiani. Alikuja kutoka Pwani akiwa kijana. Asubuhi alishona viatu, alasiri alifundisha. Jina lake haliko katika orodha ya mtu yeyote.

Nilipopata nafasi ya chuo alinishika mkono akasema, "Ukirudi likizo njoo unisaidie na hawa wadogo, macho yangu yamechoka." Nikasema, "Inshallah, Maalim." Na sote tunaijua ile inshallah ambayo maana yake ni sitakuja. Likizo ya kwanza nilikuwa Nairobi. Ya pili nikasema nimechoka. Katika mwaka wangu wa pili ujumbe uliingia kwenye simu nikiwa darasani: Maalim ametangulia. Nilipofika Mweiga walikuwa wameshamzika.

Waliomtelemsha kaburini ni wa boda boda, fundi gari, muuza nyama na mkulima wa viazi. Dua waliyomwombea, yeye ndiye aliyewafundisha. Mtume (S.A.W.) alitufundisha, kama ilivyo katika Sahih Muslim, kwamba mtu akifa amali zake hukatika isipokuwa kwa njia tatu: sadaka inayoendelea, elimu yenye manufaa, na mtoto mwema anayemwombea. Maalim hakuwa na mali. Lakini kila mtoto wa Mweiga anayesimama kuswali kwa Fatiha aliyoipata kwake, yeye bado anaandikiwa. Mimi naombea nisamehewe inshallah yangu ile.

JUMAMOSI TATU

Leo kijana anahesabu wafuasi kwenye simu, anaona huyo ndiye mwenye athari. Sikatai simu, Qurani nzima imo ndani yake. Ila jiulize: ukizima simu, nani atabaki anajua kitu kwa sababu yako?

Sasa nimalize. Tangu Maalim aondoke, darasa la Jumamosi lina watoto, lina ubao, halina mwalimu wa kudumu. Mimi nimejiandikisha Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi. Nauli nitaitafuta. Zimebaki Jumamosi tatu. Huhitaji kuwa sheikh. Ukijua alifu mpaka yee, yuko mtoto asiyezijua. Ukijua hesabu, kaa naye baada ya Qurani. Na wewe mzazi, usimwambie mwanao kwamba huko ni kupoteza wakati. Daftari liko kwa katibu wa msikiti, na kalamu imefungwa kwa uzi ili isipotee. Lijazwe kabla ya Idd.

Ewe Mola, warehemu walimu wetu tunaowajua na tusiowajua, utakabalie saumu zetu, na utujaalie tuache nyuma yetu kitu chenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.