Tovuti Kuukuu za Vyama Zitengenezwe Zisomeke Katika Simu

Mazungumzo kwa Makatibu na Wanachama wa Vyama vya Ushirika, Unguja



Kila mfanyabiashara wa Mji Mkongwe anajua kwamba lori haliingii katika vichochoro vya Hurumzi wala Kiponda. Mzigo hushushwa penye barabara pana, kisha husukumwa kwa mkokoteni hadi mlangoni mwa duka. Hakuna abomoaye nyumba za jirani ili lori lipite. Mzigo ndio unaopangwa upya ulingane na njia.

Tovuti za vyama nazo zinahitaji kupangwa hivyo. Tovuti ya miaka ya 2000 ilikatwa kwa kipimo cha kioo kipana cha kompyuta ya mezani. Ikifunguliwa katika simu, maandishi yake huwa kama punje za ufuta, jedwali la bei hutoka nje ya kioo, na viungo vyake husongamana hata kidole kikabonyeza kisichokusudiwa. Msomaji husumbuka, akaondoka. Aidha, chama hupoteza nafasi yake katika orodha ya majibu ya Google.

1. Kanuni zilivyobadilika

Tarehe 21 Aprili 2015 Google ilianza kuzipa nafasi bora kurasa zinazosomeka vizuri simuni, kwa watu wanaotafuta kwa simu. Mwezi wa Novemba 2016 ilitangaza jambo kubwa zaidi: kwamba itausoma na kuupima ukurasa kama unavyoonekana katika simu, si katika kompyuta. Kazi ya kuzihamisha tovuti ilianza Machi 2018, na Oktoba 2023 ikatangazwa kuwa imekamilika. Tangu tarehe 5 Julai 2024, tovuti isiyofunguka kabisa katika simu haiingizwi tena katika faharasa ya Google.

Basi ieleweke kwamba habari iliyomo katika sura ya kompyuta, lakini imeachwa katika sura ya simu, haihesabiwi, hata kama mtafutaji mwenyewe ameketi mbele ya kompyuta.

2. Hasara inavyomfikia mwanachama

Uchukuliwe mfano wa chama cha wakulima wa viungo upande wa Kizimbani, kinachopokea wageni mashambani. Mgeni aketiye Forodhani jioni hutafuta kwa simu matembezi ya kesho yake, na aghalabu huchagua katika majibu machache ya juu. Ukurasa wa chama ukiwa chini mno, atamwona wakala kwanza. Kesho yake atafika shamba lile lile na kunusa mdalasini ule ule, lakini sehemu ya malipo yake itakuwa imebaki kwa wakala. Mkulima amelima, mwingine amevuna. Hali ni hiyo hiyo kwa akinamama wa Paje wanaouza sabuni ya mwani.

3. Yanayopasa kufanywa

Kwanza, fundi aweke katika kila ukurasa agizo linaloitaka simu ilinganishe upana wa ukurasa na upana wa kioo chake; kisha mpangilio ufanywe wa kujikunja na kujikunjua wenyewe. Njia hii ya ukurasa mmoja kwa vioo vyote ilipewa jina na Ethan Marcotte wa Marekani mwaka 2010.

Pili, habari zote za ukurasa wa zamani zibaki: bei, ramani, saa za kazi na historia ya chama.

Tatu, bei na matangazo yaandikwe kwa herufi, yasiwe picha ya bango lililobandikwa ukutani.

Nne, picha zipunguzwe uzito. Kipimo cha Google ni kwamba kipande kilicho kikubwa kuliko vyote katika sehemu ya ukurasa inayoonekana kwanza kionekane ndani ya sekunde 2.5.

Tano, anwani za kurasa zisibadilishwe ovyo. Ikilazimu kubadili, anwani ya zamani iwekewe maelekezo ya kudumu, yanayojulikana kwa namba 301. Vinginevyo sifa iliyokusanywa kwa miaka mingi itapotea kwa siku moja.

Sita, jina la tovuti liandikishwe kwa jina la chama, na neno la siri likabidhiwe katibu mpya pamoja na vitabu vya hesabu. Fundi ni mwajiriwa; mwenye mali ni chama.

4. Mipaka ya kazi hii

Isidhaniwe kwamba kusomeka simuni peke yake kunaleta nafasi ya kwanza. Habari yenye manufaa bado ndiyo msingi. Ukurasa unaowaalika wageni kuingia Beit-el-Ajaib kana kwamba sehemu ya jengo lile haikuporomoka tarehe 25 Desemba 2020, hauwezi kuaminiwa hata ukisomeka vizuri namna gani.

Kila katibu na aanze kwa jaribio lisilogharimu kitu: afungue tovuti ya chama katika simu ya bei nafuu, atafute bei na namba ya simu bila kukuza maandishi, na aandike kila kinachomkwamisha. Orodha hiyo ipelekwe katika kikao cha kamati, ndipo fundi aitwe. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa chama hujengwa kwa fedha za wanachama.