Sukari ya Moshi na Sukari Yetu



Sisi wauza duka twaijua sukari kwa mzani tu. Lakini mtu akitoka Moshi mjini, akaipita Mabogini na kushika njia ya Arusha Chini, huikuta ingali shambani. Huko kipo kiwanda cha TPC, walichokianzisha watu wa Denmark katika miaka ya 1930, kisha Serikali ikakitwaa. Katika miaka ya 1980 kipuri cha mtambo kilitaka fedha za kigeni, na fedha hizo zilitaka idhini ya Benki Kuu. Fundi huujua ugonjwa wa mashine yake, dawa imo katika jalada la karani! Na miwa, waungwana, haingoji barua. Ikishakatwa, utamu wake hupungua kila siku.

Mwaka 2000 asilimia 75 ya hisa walipewa watu wa Mauritius, mabingwa wa miwa. Tani kama 36,000 zikaja kupita 100,000. Ardhi ni ile ile.

Hatusemi kila kitu kiuzwe, hasha. Twauliza habari ya Mahonda yetu: vijana wangapi wa Unguja na Pemba wamepelekwa kusomea utengenezaji wa sukari? Tupewe hesabu.