Tovuti Iliyoachwa Njiani: Vipi Tutaimaliza kwa Pesa Chache?

(Hii ni mada iliyotolewa katika kikao cha vijana baada ya swala ya Tarawehe. Tumeiandika karibu kama ilivyosemwa.)



Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo huenda likaonekana dogo, lakini lina pesa za watu ndani yake. Hapa Mombasa utakuta mama ana duka la leso na mabuibui, au mzee ana kampuni ndogo ya kutembeza wageni, au vijana wawili wanashona kanzu. Walisikia biashara siku hizi ni mtandao. Wakamtafuta fundi, wakatoa malipo ya kwanza, kazi ikaanza vizuri. Halafu ikasimama. Leo ukiifungua ile tovuti waona picha mbili, maneno ya Kilatini yasiyo na maana, na bango lisemalo "Tunakuja karibuni". Hiyo karibuni sasa ina mwaka wa pili! Fundi simu hapokei, pesa zimekwisha, na Idd yaja.

Wengi wetu tukifika hapo hufanya moja kati ya mawili. Ama tunaitupa tovuti kabisa tukisema mambo ya kompyuta si yetu, ama tunatafuta fundi mwingine aanze upya, tulipe mara ya pili kwa kazi ileile. Yote mawili ni hasara. Ninalotaka mtoke nalo hapa leo ni hili: kwanza shika funguo, pili punguza kazi, ndipo utoe pesa. Ukigeuza mpango huo, hata uwe na laki moja itakwisha bila faida.

Kwanza: Funguo ni za nani?

Tovuti ni kama duka. Lina jina kwenye kibao, lina chumba cha kukodi, na lina bidhaa ndani. Jina ni ile anwani, mathalan inayoishia na .co.ke. Chumba ni nafasi kwenye kompyuta ya kampuni inayohifadhi tovuti, na hiyo hulipiwa kodi kwa mwezi au kwa mwaka. Bidhaa ni maandishi, picha na programu yenyewe. Sasa jiulize: kila kimoja kimeandikishwa kwa jina la nani?

Mara nyingi jawabu ni "kwa jina la fundi". Hakukusudia ubaya, alitumia baruapepe yake kwa kuwa mama mwenye duka hakuwa nayo. Lakini siku akibadilisha kazi au akihamia Nairobi, duka lako limefungwa na funguo ziko mfukoni mwake.

Majina yote yanayoishia na .ke husimamiwa na KeNIC, na huuzwa kupitia mawakala waliopewa ruhusa. Kwenye tovuti ya KeNIC unaweza kutafuta jina lako bure, ukaona limesajiliwa kupitia wakala gani na muda wake unamalizika lini. Fanya hivyo kabla ya jambo lolote, maana jina likiachwa muda ukapita linaweza kuchukuliwa na mtu mwingine, na ile kadi ya biashara uliyochapisha haina kazi tena.

Kisha mwendee fundi wa kwanza. Nasema mwendee, usimtumie matusi kwa simu. Tuseme ukweli, mara nyingi kazi husimama kwa sababu yetu sisi wenye mali. Fundi ameomba picha na bei miezi mitatu hajapewa. Tumepatana kurasa tano, kila wiki tunaongeza moja. Si ndiyo jamani? Basi kama ana deni lake kwa kazi aliyokwisha fanya, lipa, naye akupe vitu vinne: jina lihamishwe kwenye baruapepe ya biashara, paswadi ya kampuni inayohifadhi, paswadi ya kuingilia tovuti yenyewe, na nakala ya faili zote pamoja na hifadhidata. Ukishavipata, badilisha paswadi zote siku hiyohiyo.

Akikataa kabisa au hapatikani, mwandikie wakala aliyesajili jina. Mpelekee cheti cha kuandikisha biashara na risiti za malipo. Na kama pesa alizochukua ni nyingi, ipo Mahakama ya Madai Madogo iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na waweza kujieleza mwenyewe bila wakili. Lakini hiyo iwe njia ya mwisho. Sulhu ni bora.

Pili: Ikague mwenyewe

Usimlipe mtu akwambie tovuti yako ni mbovu, hilo walijua. Chukua daftari, na simu ya kawaida yenye bando la kawaida, kwa sababu ndivyo wateja wako watakavyoifungua. Usitumie kompyuta ya ofisini yenye intaneti ya kasi, itakudanganya. Pita kila ukurasa, na kila kasoro iandike hivi: ukurasa gani, nimeona nini, nilitarajia nini. "Tovuti haifanyi kazi" si maelezo. "Nikibonyeza namba ya simu inapiga namba ya zamani", hayo ndiyo maelezo. Fundi akiyapata hayo hatapoteza saa moja kutafuta, na saa yake ni pesa yako.

Kisha zigawe kasoro mafungu matatu. Fungu la kwanza ni zile zinazozuia kuuza: namba si sahihi, bei hakuna, ujumbe wa wateja unaingia kwenye baruapepe ya fundi aliyeondoka. Fungu la pili ni zinazochafua jina: yale maneno ya Kilatini, picha za watu wa ng'ambo wasiohusika, onyo la "si salama" juu ya anwani. Fungu la tatu ni mapambo: picha zinazozunguka, rangi, muziki. Fungu hili la tatu likae daftarini mpaka biashara yenyewe ilete pesa ya kulilipia.

Na mjue kuwa nyingi katika hizo dawa yake ni bure. Lile onyo la "si salama" aghalabu huondoka kwa kuweka cheti cha usalama. Shirika la Let's Encrypt hutoa vyeti hivyo bila malipo tangu mwaka 2015, na kampuni nyingi za kuhifadhi tovuti huviweka kwa kubonyeza mara moja. Tovuti kuwa nzito huletwa mara nyingi na picha zilizotoka kwenye simu zikawekwa vilevile, kila moja megabaiti tatu au nne. Zipunguzwe ukubwa mpaka chini ya kilobaiti mia mbili, na mteja hataona tofauti. Na programu ya WordPress, ambayo zaidi ya tovuti mbili kati ya kila tano duniani zimejengwa kwayo, yenyewe ni ya bure tangu ilipotolewa mwaka 2003. Kwa hivyo mtu akikutoza pesa za "kununua WordPress" muulize vizuri.

Ila tahadhari na kitu kimoja. Ile mitindo ya kulipiwa inayogawanywa bure kwa mlango wa nyuma, achaneni nayo. Ni mali ya mtu, na mara nyingi imetiwa virusi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tatu: Heri kenda shika

Wahenga walisema heri kenda shika kuliko kumi nenda uje. Tovuti nyingi hazikukamilika kwa sababu ziliazimia makubwa: kikapu cha kununulia, malipo ya kadi, akaunti kwa kila mteja. Kila kimoja kati ya hivyo ni kazi ya kupima na kutunza. Duka la leso la mama yetu halihitaji hayo mwaka huu.

Linahitaji mambo manne tu: sisi ni nani, tunauza nini na kwa bei gani, tuko wapi, na utaagizaje. Kuagiza kuwe kwa simu au WhatsApp. Kulipa kuwe kwa namba ya Lipa na M-Pesa iliyoandikwa kwa jina la biashara, mteja aone jina analolijua kabla hajathibitisha. Watu wetu wameizoea M-Pesa tangu ilipoanza mwezi wa Machi 2007, huna haja ya kuwafundisha. Kuiunganisha M-Pesa na tovuti ili malipo yajiandike yenyewe kunawezekana, lakini ngoja maagizo yawe mengi. Yakiwa kumi kwa siku, jicho na daftari vyatosha.

Na kama kuna fomu ya mteja kujaza, omba jina na namba ya simu, basi. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu mwaka 2019. Usikusanye habari za watu usizozihitaji.

Nne: Pesa ziende wapi?

Tuseme una shilingi elfu kumi na tano, na hakuna nyingine. Mimi ningezigawa hivi, na huu ni mfano tu, maana bei hutofautiana. Elfu tatu kwa jina na chumba, kwa sababu bila hivyo hakuna kitu. Elfu tatu umpe fundi mpya aingie ndani, asome lile daftari lako, akueleze kipi kitatengenezeka na kipi hakifai. Elfu saba ndiyo kazi yenyewe, ilipwe kwa mafungu mawili. Elfu mbili zikae akiba, na akiba haiozi.

Yale mengine tufanye sisi. Picha za leso zapigwa vizuri kwa simu, mchana, karibu na dirisha, juu ya shuka nyeupe. Maelezo na bei aandike mwenye duka mwenyewe, kwa Kiswahili chake, binti yake amsaidie kupiga chapa. Hakuna fundi anayeijua leso kumshinda mama anayeiuza.

Tano: Andikeni

Mali bila daftari huisha bila habari. Na sisi hatuna udhuru, maana aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, katika Suratul Baqarah, inahusu kuandikiana deni. Vipi basi twapatana kazi ya elfu saba kwa mdomo tu barazani?

Karatasi moja yatosha. Iseme kazi ni zipi, kwa namba kama zilivyo daftarini. Iseme tarehe ya kumaliza. Iseme nusu italipwa mwanzo, na nusu baada ya kuikagua kwa simu. Iseme jina, paswadi na nakala ni za mwenye biashara tangu siku ya kwanza. Na iseme kasoro zitakazoonekana ndani ya siku thelathini zitarekebishwa bila malipo. Kitakachoongezwa nje ya orodha kina bei yake, hii ni haki ya fundi. Weka sahihi wote wawili.

Nanyi vijana mafundi mlio hapa, na nawaona, jambo hili lawahusu zaidi. Ukiona kazi imekushinda, sema. Rudisha funguo, eleza ulipofikia, chukua haki yako uende. Kuzima simu ndiko kunakowaponza wenzenu wote, maana mama akishaliwa mara moja hamwamini kijana mwingine tena, hata aliye mkweli.

Mwisho, kazi ikikamilika chagueni mtu mmoja wa kuitunza. Mara moja kwa mwezi asasishe programu, achukue nakala aiweke mahali pengine, na ajaribu kuagiza kama mteja. Tarehe ya kulipia jina aiandike kwenye kalenda ya ukutani, palipo na kila mtu.

Mwenye tovuti iliyolala, kesho asubuhi kabla hajafungua duka atazame jina lake liko mikononi mwa nani. Hiyo hailipiwi hata senti. Tukianza kesho, In sha Allah kabla ya Idd kurasa nne zitakuwa tayari.

Wabillahi Tawfiq. Wassalaam Alaykum Warahmatullahi Wabarakatuh.