Kwaresima na Kishawishi cha Madaraka
(Mada iliyotolewa katika mazungumzo ya Waswahili, Muscat)

 

 Wengi mliopo hapa ni Waislamu wenye asili ya Unguja na Pemba. Sisi Wakristo kutoka bara ni wachache, tunaosali kule Ruwi, kwenye kiwanja kilichotolewa na Sultan Qaboos. Mwaka huu wa 2026 Jumatano ya Majivu, yaani mwanzo wa Kwaresima, iliangukia tarehe 18 Februari, wiki ile ile ulipoandama mwezi wa Ramadhani. Basi sote tumo katika kufunga, na tunaweza kuulizana swali moja: tumbo tunaweza kulizuia, je, tamaa ya kiti?

Injili inayosomwa Dominika ya kwanza ya Kwaresima inaeleza jinsi Yesu alivyofunga siku 40 jangwani, kisha Ibilisi akamjia. Alianza na mkate, akafika hadi kumwonyesha falme zote za dunia. Tazameni namna alivyoingia. Hakuanza kwa kumwambia atende uovu. Alimpelekea mwenye njaa habari ya chakula. Madaraka nayo hushawishi hivyo hivyo. Hakuna kiongozi anayeambiwa awe dikteta. Huambiwa, "Mzee, kazi hujaimaliza, wananchi bado wanakuhitaji." Na wahenga walishasema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Tuangalie kwetu. Dk. Salmin Amour, Komandoo, alipokaribia kumaliza vipindi vyake viwili, ilipigwa kampeni ya kubadili Katiba ya Zanzibar ili apate cha tatu. Mwaka 2000 chama chake chenyewe, CCM, kikakataa. Hapo waliozuia ni wengine.

Mwaka 2010 hali ilikuwa tofauti. Rais Amani Karume alikuwa amepatana na Maalim Seif tarehe 5 Novemba 2009, watu wakafurahi mno, hata zikasikika sauti, nyingine za upinzani, zikitaka aongezewe muda ili ayakamilishe maridhiano. Hicho ndicho kishawishi kizito, maana kinatoka kwa watu wema kwa sababu njema. Muda haukuongezwa. Kura ya maoni ilipigwa 31 Julai 2010, uchaguzi ukafanyika Oktoba, akaondoka. Mwaka 2024 likazuka tena pendekezo, mara hii la kumpa Rais Hussein Mwinyi miaka 7 badala ya 5. Nalo halikwenda mbali.

Lakini tusijidanganye. Muhula ukilindwa na kura isilindwe, tumefunga mlango tukaacha dirisha wazi. Mwaka ule ule wa 2000 Komandoo alizuiwa, uchaguzi ukavurugika, na Januari 2001 watu wakauawa Unguja na Pemba. Oktoba 2015 matokeo ya Zanzibar yakafutwa. Oktoba 2025 uchaguzi wa Tanzania ukafanyika bila Chadema, na damu ikamwagika. Mtu mmoja anaweza kuondoka kwa heshima, chama kikabaki na tamaa ile ile.

Upinzani nao haujasalimika. Profesa Lipumba alijiuzulu uenyekiti wa CUF Agosti 2015, mwaka uliofuata akarudi kuudai, na chama kikapasuka vipande viwili.

Kwa sababu hiyo siamini kwamba dawa ni kuombea moyo wa kiongozi peke yake. Tuombe, ndiyo, lakini pawepo na wa kumwambia hapana. Februari 2018 Maaskofu Katoliki wa Tanzania walitoa ujumbe wa Kwaresima wakilalamikia kuzuiwa kwa shughuli za siasa na kufungiwa kwa vyombo vya habari. Mwezi uliofuata maaskofu wa KKKT nao wakatoa waraka wa Pasaka, na walipata misukosuko kwa ajili yake. Zuio la mikutano ya hadhara, lililowekwa 2016, liliondolewa Januari 2023. Sisemi waraka ndio uliloliondoa. Nasema kulikuwa na watu waliokataa kuwa wapiga makofi.

Sasa sisi wa nje. Tunapenda kulaumu wakubwa, lakini mara ngapi sisi ndio tunaowapelekea mkate? Mwenye kiwanja alichokipata kwa fulani hataki fulani aondoke. Mwenye ndugu serikalini hali kadhalika. Hata kwenye vyama vyetu vya kuzikana na kuchangiana, mwenyekiti akimaliza muda tunasema, "Mwacheni, ana uzoefu," na huku tunakwepa kazi wenyewe.

Nawaomba kipimo kimoja katika funga hii. Ukisikia anatakiwa kiongozi unayempenda aongezwe muda, jiulize: angekuwa ni yule unayemchukia, ungekubali? Kama jibu ni hapana, basi usiunge mkono wala kwa huyu wako. Nyinyi mnasema uongozi ni amana, sisi bara tulifundishwa kuwa cheo ni dhamana. Neno ni lile lile: kitu cha mwenyewe hurudishwa kwa mwenyewe, na mwenyewe ni mwananchi.

 Funga njema kwa sote.